Dar ni mji wa alfajiri, wageni tunawaonyesha jioni

Jumapili moja ya mwezi wa nane tulimpeleka wifi yangu Coco Beach akaone jua likizama baharini. Alikuwa ameshuka kutoka Mwanza siku mbili kabla, mara yake ya kwanza kufika Dar akiwa mtu mzima, na mume wangu alikuwa amemwahidi dada yake huyo bahari tangu wote wawili wako shule ya msingi. Tulitoka nyumbani Kimara saa tisa alasiri, tumebanana na watoto na ndoo ya maji ya kunawia. Foleni ilitukuta Ubungo, ikatushika Mwenge, ikatushika tena Morocco. Tulipopata pa kuegesha gari, saa kumi na mbili ilikuwa imeshapita. Watoto wakakimbilia maji, mimi nikaenda kwenye mihogo. Niliporudi na sahani nilimkuta wifi amesimama, kaipa bahari mgongo, mkono kauweka juu ya macho, anaangalia barabarani.

"Wifi," akaniuliza, "si mlisema tunakuja kuona jua likizama? Mbona naliona huku nyuma, kwenye magorofa?"

Sikuwa na jibu. Nimezaliwa Magomeni, nimekulia Dar, nimekwenda Coco jioni tangu nikiwa nabebwa mgongoni, na sikuwahi kuliwaza jambo hilo hata siku moja. Bahari ya Hindi iko mashariki mwetu. Jua letu linatoka majini asubuhi na linakwenda kutua nchi kavu, nyuma ya Kinondoni, nyuma ya Ubungo, huko kwenye vilima vya Pugu. Mtu wa Mwanza amezoea kukaa juu ya mawe na kuona ziwa likigeuka dhahabu. Sisi mamia tuliokuwa pale mchangani, na simu zetu mkononi, tulikuwa tunaitazama bahari ikiingia giza.

Alikula muhogo wake, akausifia pilipili, hakulalamika. Kesho yake asubuhi nilimsikia akizungumza na mama yake kwenye simu: "Dar ni joto na foleni, mama. Bahari nimeiona. Ila kulikuwa giza."

Maneno hayo yaliniuma kwa sababu nimeyasikia mara nyingi kutoka kwa watu wengi. Dar haina kitu. Dar unapita tu, kitu kiko Zanzibar, kitu kiko Serengeti. Nyumba yangu ni kama stendi: ndugu wa Iringa anakuja hospitali, rafiki wa Nairobi anasubiri boti, mtoto wa dada anasubiri usaili. Wote nimewazungusha mzunguko uleule, Coco Jumapili, jengo la maduka lenye kiyoyozi Jumatatu, kisiwa cha Bongoyo kama kuna sikukuu, daraja la Tanzanite usiku kwa ajili ya picha, na wote wameondoka na neno hilohilo. Mji wa watu milioni tano na laki tatu na zaidi, kwa sensa ya 2022, eti hauna kitu. Safari hii niliona kosa liko wapi. Mgeni njoo, mwenyeji apone: wifi kwa swali lake moja alinionyesha kwamba mji huu nimekuwa nikiuonyesha kwa saa zake mbaya.

Kwa hiyo Jumanne nikaomba ruhusa kazini na kumwamsha saa kumi na nusu, bado usiku. Tulipanda mwendokasi Kimara tukashuka mwisho wa njia, Kivukoni. Ni kilomita karibu 21, na kwa saa ile basi linakwenda kama jina lake lilivyo. Jangwani tulipita na taa. Tulipofika Feri adhana ilikuwa imeshatoka na watu wanakazana.

Soko la samaki la Feri liko kwenye kila orodha ya watalii, lakini wengi hufikishwa saa nne au saa tano, wakati jua kali limeshapiga, samaki wazuri wameshaondoka na kilichobaki ni harufu na nzi. Wanazunguka dakika kumi wameshika pua, wanaondoka. Soko lenyewe wamelikosa kwa saa nne nzima. Alfajiri mashua na boti zilizolala baharini zinaingia, vijana wanaingia majini mpaka kifuani na ndoo na matenga, na samaki wanamwagwa mbele ya dalali ambaye ameanza kuita bei kabla hawajatulia. Kolekole, nguru, jodari, changu, chewa, vibua kwa mafungu, pweza wanaopigwa sakafuni mpaka walainike, taa mkubwa kama mkeka. Anaitaja bei, anaipandisha, macho yanazunguka, na mnunuzi anakubali kwa kuinua kidevu tu. Ukipepesa macho fungu limeshakuwa la mtu. Kuna wachuuzi wa baiskeli watakaofikisha hao samaki Mbagala kabla ya saa tatu, kuna wenye mabucha, kuna mama lishe ambaye leo anataka vichwa tu vya supu. Na ng'ambo ya ukuta tu, chini ya miti mikubwa, ni Ikulu ya Magogoni. Sijui mji mwingine ambako mnada wa vibua unapakana na nyumba ya rais kiasi hicho.

Mimi nilidhani ninamwonyesha wifi kitu. Dakika tano baadaye yeye ndiye aliyekuwa ananionyesha mimi. Mtoto wa Mwanza amekua na sato na sangara. Aliinama, akafunua mashavu ya changu, akakandamiza ubavu kwa kidole gumba, akaliacha fungu lile na kwenda la tatu. Alibishana bei kwa Kisukuma kilichochanganyika na Kiswahili, muuzaji akacheka na kumpunguzia. Tukawapeleka samaki kwa mparaji, wakaparwa na kuchanwa mbele ya macho yetu, kisha tukawapeleka kwa wakaangaji upande wenye makarai makubwa na moshi wa kuni. Tulikula tumesimama, kwenye gazeti, na ndimu na chumvi ya pilipili. Huo muhogo wa Coco una wenzake wengi mjini. Changu aliyekuwa baharini saa tatu zilizopita hana mwenzake.

Ukitaka kwenda, vaa ndala au raba za kuoshwa, maana sakafu ni maji na magamba. Beba pesa ndogondogo na uziweke mbele. Simu usiiinue kupiga watu picha kabla ya kuwaomba. Wako kazini, na wengi hawapendi, na wana haki. Ukitoa salamu kwanza, shikamoo kwa wazee na mambo kwa vijana, utaonyeshwa hata usichokiuliza.

Kutoka sokoni ni hatua chache mpaka kwenye kivuko. Nilipovuka mara ya mwisho nauli ya mtu ilikuwa shilingi 200, na kwa pesa hiyo hakuna chombo Dar kitakachokupa zaidi. Asubuhi pantoni inatoka Kigamboni imejaa mpaka mdomoni: wanafunzi, trei za mayai kwenye baiskeli, bodaboda, wauguzi wa zamu, na mlango ukishuka umati wote unatoka kwa mara moja kama maji yaliyofunguliwa. Sisi tulikuwa tunakwenda kinyume chao, kwa hiyo tulipata nafasi ya kusimama ukingoni. Katikati ya mlango wa bahari jua likatoka. Halikuwa na maneno mengi, lilitoka tu, jekundu, mbele ya meli zilizotia nanga nje zikisubiri zamu ya bandari. Wifi alikaa kimya. Kisha akasema, "Kumbe lipo."

Tulifika Kigamboni, tukanywa chai, tukarudi na pantoni iliyofuata, na hapo ndipo nilipoelewa jambo la pili. Dar ilijengwa itazamwe kutoka majini. Aliyeianzisha, Sultani Majid wa Zanzibar, miaka ya 1860, aliifikia kwa chombo cha bahari; kabla yake palikuwa na kijiji cha wavuvi cha Mzizima. Wajerumani waliohamishia makao yao makuu hapa kutoka Bagamoyo mwaka 1891 nao waliingilia mlango huohuo, na kanisa lao la Kilutheri la Azania Front, lililojengwa kati ya 1898 na 1902, walilisimamisha na vigae vyake vyekundu likiangalia bandari. Ukija kwa gari kutoka Ubungo unauingia mji kwa mlango wa uani. Ukija kwa pantoni unaukuta umekaa barazani unakusubiri.

Ng'ambo ya barabara kutoka zinapoondokea boti za Zanzibar kuna nyumba nyeupe ya mawe ya matumbawe, mlango wa kuchongwa, kuta nene kama mkono mzima wa mtu mzima. Ni Boma la Kale. Ilijengwa mwaka 1866 au 1867 kwa ajili ya wageni wa Sultani Majid, maana yake ni kwamba nyumba kongwe kuliko karibu zote za mji huu ilianza kazi yake kama nyumba ya wageni. Kila siku mamia ya watu wanakaa pale mbele na mabegi yao wakingoja boti, wanahesabu saa, wanakwenda Mji Mkongwe kutafuta milango ya kuchongwa na kuta za matumbawe. Nami nimewasindikiza wageni wangu pale mara nyingi bila kuwaambia geukeni. Ndani sasa kuna maonyesho ya historia ya majengo ya Dar, na picha za mitaa kabla haijavunjwa. Wifi alisimama sana kwenye picha za nyumba za Kiswahili, zile za korido katikati na vyumba vitatu kila upande. Nyumba ya bibi yangu Magomeni ilikuwa hivyohivyo. Sasa ni gorofa la fremu za maduka.

Kutoka pale tulitembea mpaka kwenye sanamu ya Askari, kwenye mzunguko wa Samora. Hiyo nayo kila mgeni anapigwa nayo picha na kuondolewa, na kwa namna inavyoonyeshwa nakubali kwamba haina ladha: mwanajeshi wa shaba, bunduki yenye singe imeelekezwa bandarini, magari yanamzunguka. Ladha yake iko kwenye hadithi ambayo hatuisimulii. Mahali pale Wajerumani walikuwa wamesimamisha sanamu ya gavana wao, Hermann von Wissmann. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 wakaiondoa. Sanamu hiyo ikaishia Hamburg, ambako wanafunzi wa chuo kikuu waliiangusha mwishoni mwa miaka ya 1960. Huyu Askari akawekwa mwaka 1927. Soma kibao chake, kimeandikwa kwa Kiswahili pia, na kwa Kiarabu na Kiingereza. Kinawataja askari, halafu kinawataja wapagazi, kwamba walikuwa miguu na mikono ya jeshi.

Hao wapagazi ndio ninaowajali mimi. Mamia ya maelfu ya watu wa nchi hizi walibebeshwa chakula na risasi za vita isiyokuwa yao, na wengi walikufa kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps. Walipiga kambi upande wa magharibi wa mji, na midomo yetu ikaligeuza jina la kambi yao kuwa Kariakoo. Sanamu ya shaba ni ya askari, lakini jina linalotamkwa na kila konda, kila siku, tangu alfajiri mpaka usiku wa manane, ni la wapagazi. Nilimweleza wifi hayo tukiwa tunatembea kwenda huko, na akaniambia kwamba Mwanza wanasema "naenda Kariakoo" kwa maana ya kwenda kununua mzigo, basi. Hata mimi niliambiwa hadithi hiyo nikiwa na miaka zaidi ya thelathini. Shuleni sikumbuki kuisikia.

Kariakoo yenyewe ina sifa kubwa kuliko raha yake kama ukienda saa sita mchana kununua viatu. Utasukumwa, utaitwa, utalipa zaidi kwa sababu umechoka. Ukitaka kuiona, nenda kabla maduka hayajafungua vizuri, saa moja na nusu hivi, ukainue macho kwenye jengo la soko kuu. Lilisanifiwa na Beda Amuli, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika Afrika Mashariki, na Mwalimu Nyerere akalifungua mwaka 1975. Paa lake ni miavuli ya zege iliyogeuzwa juu chini, inakusanya mvua na kuishusha kwenye tangi. Wataalamu wanakuja kutoka nje kulipiga picha. Sisi tumepita chini yake na mifuko ya nyanya bila kuangalia juu mpaka moto wa Julai 2021 ulipolipata, ndipo wengi wetu tukajua lina thamani gani. Halafu tafuta kijiwe cha kahawa kwenye mtaa wowote wa karibu, Sikukuu, Swahili, Mkunguni, kaa kwenye benchi na wazee, chukua kashata. Mazungumzo ni ya Simba na Yanga, bei ya saruji na nani kafariki. Usikae na simu. Utaulizwa unatoka wapi, na ukijibu vizuri hutalipa kahawa.

Kuna sehemu moja ambayo nimeionea aibu kuliko zote, nayo ni Kijiji cha Makumbusho. Maisha yangu yote nimesikia makonda wakiita "Makumbusho! Makumbusho!" na kwangu lilikuwa jina la kituo. Nimebadilisha magari pale miaka na miaka. Kijiji chenyewe kiko pale pale, barabara ya Bagamoyo, tangu miaka ya 1960, na ndani kuna nyumba za makabila mbalimbali zilizojengwa na watu wenyewe kwa mkono: msonge wa Wahaya wenye giza na harufu ya nyasi, tembe ya Wahehe yenye paa bapa la udongo, nyumba ya Wazaramo ambao ndio wenyeji wa hii pwani yetu. Wifi aliingia, akainama mlangoni kama alivyofundishwa kuinama na bibi yake, akanieleza kwa nini milango inakuwa mifupi. Watoto wangu, ambao hawajawahi kulala nje ya tofali na bati, walimsikiliza kuliko wanavyonisikiliza mimi. Kiingilio cha mwananchi ni kidogo sana. Siku ile tulikuwa wageni wachache mno, tuliweza kuhesabika kwa vidole.

Makumbusho ya Taifa, mtaa wa Shaaban Robert, nayasema kwa ufupi: nenda, usiache. Pale ndipo nyumbani kwa fuvu la zamadamu Zinjanthropus aliloliokota Mary Leakey Olduvai mwaka 1959, na pale kuna kumbukumbu ya ndugu zetu waliouawa na bomu la ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998. Ukitoka, bustani ya mimea ya Wajerumani iko jirani. Ina kivuli.

Vinyago na picha ni jambo lenye kuhitaji uangalifu. Wageni wengi wananunulia kwenye maduka ya hoteli au uwanja wa ndege, siku ya mwisho, kwa haraka. Wananunua twiga yuleyule mara mbili ya bei na hawajui nani kamchora. Edward Saidi Tingatinga, mtu wa kusini, upande wa Tunduru, alianza kuchora mwaka 1968 kwenye mbao za dari kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli, akauza Oysterbay nje ya duka la Morogoro Stores. Alipigwa risasi na polisi kimakosa mwaka 1972. Miaka minne tu ya kazi, na jina lake limekuwa jina la mtindo mzima. Vijana wa ushirika wake bado wanachora palepale Oysterbay, na ukikaa nao nusu saa utaona mambo ambayo duka haliwezi kukuuzia: kwamba rangi ile haikauki haraka, kwa hiyo mchoraji ana mbao kumi kwa wakati mmoja, leo anapaka mandharinyuma, keshokutwa anaweka mnyama, siku nyingine anarudi na madoa. Nunua kwa mtu uliyemwona na brashi mkononi.

Kwa vinyago nenda Mwenge kwa Wamakonde, na uende una swali. Mpingo halisi ni mzito, ukiutia majini unazama, na pembeni ya moyo wake mweusi una ganda jeupe la njano kidogo ambalo wachongaji wengi huliacha lionekane. Kipo kinyago kingine kimepakwa dawa ya viatu. Kikwangue kidogo chini kwa ukucha. Uliza ipi ni ujamaa, ile nguzo ya watu waliobebana mabegani, na ipi ni shetani. Mchongaji akianza kueleza, keti chini.

Bongoyo sina ugomvi nayo, ni kisiwa kizuri kilichohifadhiwa tangu 1975 pamoja na Mbudya na vingine. Shida ni sikukuu. Nenda Jumatano, uliza kwanza maji yanajaa saa ngapi, maana siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa kupita kawaida, yakipwa unabaki na mwamba na viumbe wa majini wenye miiba. Daraja la Tanzanite ni daraja.

Nilichokuwa nakitunza kwa ajili ya mwisho wa wiki ni Kunduchi. Watu wa Dar wanaijua Kunduchi kwa hoteli na michezo ya maji. Ndani kidogo, katikati ya mibuyu, kuna magofu ya msikiti wa matumbawe wa tangu enzi za Mzizima haijajulikana, na makaburi ya nguzo. Nguzo hizo zilipambwa kwa sahani na mabakuli ya Kichina, yamekandikwa ndani ya chokaa. Yaliletwa na majahazi, kaskazi kwa kusi, kupitia mikono ya wafanyabiashara wengi, mpaka yakafika kwa watu wa pwani hii ambao waliyathamini kiasi cha kuyaweka juu ya wafu wao. Mengi yamebanduliwa. Yamebaki matundu ya duara, kama macho.

Wifi aliweka kiganja ndani ya tundu moja, likamtosha. Mama yake, mama mkwe wangu, ana kabati la vioo lenye sahani zenye maua ambazo hazijawahi kutumika tangu harusi yake. "Angekufa kipindi kile," wifi akasema, "tungemjengea na zake." Alisema kwa upole, na tukakaa pale kwenye mzizi wa mbuyu muda mrefu. Hakukuwa na mtu mwingine isipokuwa mlinzi na kuku.

Jumapili ya pili mume wangu akauliza, basi leo tunakwenda wapi jioni, na wifi akajibu kabla yangu: "Tulifuate jua linakokwenda." Tukachukua barabara ya Gongo la Mboto, tukaipita, mpaka Pugu, kama kilomita 25 kutoka katikati ya mji. Hapa Mwalimu Nyerere alikuwa akifundisha mpaka mwaka 1955 alipoacha kazi ili akishike chama cha TANU. Msitu wa Pugu na Kazimzumbwi ni kipande cha msitu wa pwani uliokuwa umefunika vilima hivi vyote kabla mkaa haujaumaliza mwingi, na ndani yake kuna mapango yaliyobaki baada ya watu kuchimba kaolini, udongo mweupe wa kufinyangia vyombo. Tulifika saa kumi, tukalipa, tukapewa kijana wa kutuongoza na tochi. Kuta ni nyeupe kama unga. Ukizigusa unabaki na alama kwenye vidole. Juu wamening'inia popo, wengi, wanajisogeza kama jani likipulizwa, na harufu yao inakaa kooni. Mwanangu wa mwisho alinishika khanga kwa mikono miwili na hakuiachia mpaka tulipotoka.

Nje tulikaa kwenye mteremko. Jua lilikuwa linashuka nyuma ya msitu, kubwa, halina haraka, na miti ikawa mieusi mbele yake mmoja mmoja. Saa kumi na mbili na nusu popo wa kwanza akatoka, kisha watatu, kisha wakawa kama moshi unaotoka kwenye bomba, wanapinda wote pamoja juu ya vichwa vyetu kuelekea mjini. Wifi alikuwa ameinua simu kuwapiga picha, halafu akaishusha mapajani. Tulipogeuka kurudi kwenye gari taa za Dar zilikuwa zimeshawaka kule chini, na mbele yake, upande wa bahari, giza limeshatanda muda mrefu.